Kamera, Ruta na Televisheni: Mwongozo wa Kulinda Vifaa vya Nyumbani Vilivyounganishwa na Intaneti

Maswali ninayoulizwa na watu wa Chake Chake, Wete na hata Unguja yanafanana mno. "Nimefungiwa kamera uani, je, kuna mtu mwengine anayeweza kutuona?" "Bando la nyumbani linakwisha kabla ya wiki, nani analitumia?" "Ruta nimeletewa na kampuni na inafanya kazi vizuri, nina haja gani ya kuigusa?" Nimeandika mwongozo huu ili jibu lipatikane mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu asiye fundi anaweza kuufuata mwenyewe akiwa nyumbani kwake, simu ikiwa mkononi.

Nyumba zetu zimejengwa kwa stara. Mgeni huishia barazani au ukumbini, ua ni wa wenye nyumba, na anayepiga hodi mara tatu bila ya kuitikiwa hurudi alikotoka. Kamera iliyounganishwa na intaneti kwa neno la siri ambalo kila mtu analijua huuvunja utaratibu huo wote bila ya mlango kuguswa. Hii ndiyo sababu hatua ya kamera katika mwongozo huu ni ndefu kuliko hatua nyengine zote.

Nadharia unayoihitaji ni ndogo. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa na jina la mtumiaji na neno la siri (wengi wetu huliita paswedi) vinavyofanana kwa maelfu ya vifaa vya aina hiyo. Mwaka 2016 programu haramu iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti nzima ikijaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu, na kwa orodha hiyo fupi ikateka laki kadhaa za kamera, visanduku vya kurekodia na ruta. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, ambayo kazi yake ilikuwa kuzielekeza kompyuta kwenye tovuti zinazotafutwa, na watu wengi wakashindwa kwa saa kadhaa kufungua tovuti kubwa kama Twitter na Netflix. Wenye kamera hizo hawakuwa na habari. Hakuna aliyewachagua, kwa sababu ilikuwa mashine ikijaribu kila mlango inaoukuta. Kwa hiyo mtu anaponiambia kuwa yeye si mashuhuri na hakuna atakayemtafuta, humjibu kuwa mashine haimtafuti mashuhuri.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tenga saa mbili, na uchague wakati ambao umeme umetulia na hakuna mtoto anayefanya kazi ya skuli kwa intaneti, kwa sababu mtandao wa nyumba utakatika mara kadhaa. Chukua daftari na kalamu. Daftari hilo litawekwa kabatini pamoja na hati za nyumba, halitabandikwa ukutani. Uwe na simu au kompyuta iliyounganishwa na waifai ya nyumbani, kipini chembamba cha kubonyezea kitufe kilichozama, na risiti za vifaa ikiwa bado unazo. Ikiwa kamera zilifungwa na fundi, mpigie kabla na umuombe jina la mtumiaji na neno la siri alilotumia.

Jambo la mwisho ni la watu. Amueni nyumbani nani atakuwa na dhamana ya mtandao. Si lazima awe baba wa nyumba wala kijana anayependa simu. Awe ni mtu anayekaa nyumbani, anayesoma taarifa zinazotokea kwenye skrini, na ambaye haoni tabu kumkatalia jamaa anayeomba neno la siri.

Hatua kwa hatua

1. Andika kila kifaa kinachotumia intaneti.

Pita chumba kwa chumba na uandike: ruta, simu, vishkwambi, kompyuta, televisheni, kisanduku cha televisheni, kamera, kisanduku cha kurekodia, taa au soketi inayowashwa kwa simu, printa. Usisahau simu ya zamani iliyoachiwa watoto wachezee. Kwa kila kimoja andika aina, namba ya toleo iliyo kwenye kibandiko, nani alikinunua, na kimesajiliwa kwa namba au barua pepe ya nani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayowashtua watu. Mara nyingi mwenye nyumba hugundua kuwa kamera ya getini imesajiliwa kwa barua pepe ya fundi aliyekwishahamia Dar es Salaam, au ya mpwa aliyeifunga wakati wa likizo.

2. Ingia ndani ya ruta na ubadilishe neno la siri la msimamizi.

Ruta ina maneno mawili ya siri yaliyo tofauti, na kuyachanganya ndilo kosa ninalolikuta zaidi. La kwanza ni la waifai, lile ambalo wageni huliomba. La pili ni la msimamizi, ambalo hufungua mipangilio ya ruta yenyewe, na mwenye kulijua anaweza kubadilisha kila kitu, likiwemo hilo la waifai. Watu wengi hubadilisha la kwanza na kuliacha la pili kama lilivyotoka kiwandani.

Tazama kibandiko kilicho chini au nyuma ya ruta. Utakuta anwani ya tarakimu, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Iandike kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na waifai hiyo, kisha ingiza jina na neno la siri vilivyo kwenye kibandiko. Ukishaingia, tafuta sehemu ya mfumo au ya msimamizi, badilisha neno la siri, na uliandike kwenye daftari kabla ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, si baada yake.

Tahadhari: usibonyeze kitufe cha "Reset" cha ruta uliyopewa na kampuni ya intaneti kabla ya kuwapigia simu. Baadhi ya ruta hizo huhifadhi ndani yake jina na neno la siri la kuunganishwa na kampuni, na zikifutwa nyumba itabaki bila ya mtandao hadi mtu wao aje au akuelekeze kwa simu. Kwa aliyeko Konde au Mkoani hiyo inaweza kuwa ni kusubiri siku kadhaa.

3. Chagua maneno ya siri ambayo mtaa hauyajui.

Hapa nitakaa kidogo. Miongozo ya nchi nyengine huonya kuwa usitumie jina la mtoto, na huishia hapo. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu mama huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza kutwa nzima, sokoni, msibani na harusini. Neno la siri lenye jina hilo linatangazwa na kila anayemwamkia. Vivyo hivyo namba ya simu imeandikwa kwenye ubao wa duka, namba ya gari inaonekana na kila mpita njia, na mwaka wa kuzaliwa wanaujua wote uliosoma nao.

Tumia maneno manne yasiyohusiana, marefu, ambayo wewe utayakumbuka kwa picha, mfano wa mkungu, sufuria, jumatano na pweza yakiwa yameunganishwa kwa vistari. Usitumie mfano huu wenyewe, kwa kuwa umekwishachapishwa. Waifai inakubali neno la siri la kuanzia herufi 8 hadi 63, kwa hiyo nafasi ipo. Kila kifaa kiwe na neno lake, na neno la barua pepe lisifanane na lolote jengine, maana barua pepe ndiyo inayotumika kurejesha akaunti nyengine zote.

4. Rekebisha waifai.

Ukiwa bado ndani ya ruta, fanya mambo manne. Badilisha neno la siri la waifai. Badilisha jina la mtandao ikiwa linataja aina ya ruta au jina la ukoo wako. Katika usalama wa waifai chagua WPA3, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 ikiwa una vifaa vya zamani. Ukikuta umewekwa WEP, ulinzi wa zamani uliokwishavunjika, au mtandao uko wazi, badilisha siku hiyo hiyo. Kisha zima WPS, yaani ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kwa namba ya tarakimu 8. Mwaka 2011 ilibainika kuwa ruta huikagua namba hiyo kwa mafungu mawili, na hivyo mwenye kuitafuta anahitaji majaribio yapatayo 11,000 tu badala ya mamilioni.

Zima pia usimamizi wa ruta kutoka nje ya nyumba, na kipengele chenye herufi UPnP, ambacho huviruhusu vifaa vya ndani kujifungulia njia ya kufikiwa na walio nje bila ya kukuuliza.

5. Fungua mtandao wa wageni.

Ruta nyingi za sasa zinaweza kutoa waifai ya pili, ambayo kwenye skrini huandikwa "Guest". Anayeitumia hupata intaneti lakini haoni vifaa vilivyo kwenye mtandao mkuu wa nyumba. Wape huo wageni wa Sikukuu, wanafunzi wanaokuja kusoma na watoto wako, na uubadilishe neno lake kila baada ya miezi michache. Kumnyima mgeni waifai ni jambo zito katika mila zetu, nami sikushauri hivyo. Mtandao wa wageni unakuwezesha kumkirimu na kujilinda kwa pamoja. Mimi huwashauri watu waweke humo pia televisheni, soketi na taa.

Mwenye nyumba ya kupangisha Nungwi, Paje au Jambiani hana hiari katika hatua hii. Wapangaji wawe na mtandao wao, kamera na kompyuta ya hesabu ziwe kwenye mwengine.

6. Kamera.

Anza na mahali ilipo kabla ya kugusa mipangilio yoyote, kwa sababu kamera iliyodukuliwa inayotazama geti haina madhara sawa na ile inayotazama ua. Kamera itazame geti, mlango wa duka, banda la gari au ukuta wa nyuma. Isitazame chumba cha kulala, mlango wa choo, wala sehemu ya ua ambayo wanawake hukaa bila ya buibui wakipika na kusukana. Nimeingia nyumba moja ambayo kamera ilifungwa ili kumlinda bibi mgonjwa. Kila aliyekuwa na neno la siri, na walikuwa watu kumi na mmoja katika nchi tatu, aliweza kumwona akibadilishwa nguo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kamera iligeuzwa ielekee mlangoni siku ile ile, na simu ya kawaida mara mbili kwa siku ikachukua nafasi yake.

Jambo hili linawahusu hasa jamaa walioko Maskati, Dubai na London ambao hununua kamera na kuzituma kwa mapenzi ya dhati. Kumbuka kuwa mtu hufungua picha ya nyumbani kwenu akiwa kazini, kinyozini au ndani ya basi, na walio pembeni yake wanaiona skrini. Muombeni kila anayeonekana ndani ya picha idhini yake, na mzee aulizwe mwenyewe, asisemewe na wanawe.

Ukishapata mahali, fuata mpangilio huu. Kwanza, sajili kamera kwa barua pepe au namba ya mwenye nyumba. Ikiwa imesajiliwa kwa jina la fundi, mwambie aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, kisha ifute kwa kubonyeza kitufe chake cha "Reset" kwa sekunde 10 hivi na uisajili upya. Pili, badilisha neno la siri la kamera na la kisanduku cha kurekodia; kisanduku kina neno lake, tofauti na la programu ya simu, na hilo ndilo linalosahauliwa. Tatu, washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuulizwa namba ya ziada baada ya neno la siri, ndani ya programu ya kamera ikiwa upo. Nne, jamaa wanaohitaji kutazama uwaongeze kwa kipengele cha kushirikisha kilicho ndani ya programu, kila mmoja kwa akaunti yake, badala ya kuwagaia neno la siri. Siku ukitaka kumwondoa mmoja utamwondoa yeye peke yake. Tano, zima maikrofoni isipokuwa una haja nayo, kwa kuwa kamera ya mlangoni husikia mazungumzo ya barazani, na waliokaa barazani hawajui.

Tahadhari: usipige picha ya kibandiko cha kamera na kuituma kwenye kundi la WhatsApp ukiomba msaada. Msimbo na namba vilivyomo humo, pamoja na neno la kiwandani lililochapwa chini yake, vinaweza kumtosha mtu kujiunganisha na kamera hiyo. Funika sehemu hiyo kwa kidole.

Tahadhari nyengine ni ya wenye nyumba za wageni: hakuna kamera ndani ya chumba cha mpangaji, wala sebuleni mwake, hata ikiwa imezimwa. Airbnb ilipiga marufuku kamera zote za ndani kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, na zile za nje lazima zitajwe kwa mgeni kabla hajalipa nafasi.

7. Televisheni na visanduku vyake.

Visanduku vya bei rahisi vinavyoahidi mechi zote na filamu zote bila ya malipo vinauzwa kila mahali, na msimu wa ligi unapoanza huuzika haraka. Mwezi wa Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa vilivyotekwa ulioitwa BADBOX 2.0, na visanduku vya namna hiyo vimo ndani yake. Baadhi vilikuwa vimeambukizwa kabla ya kununuliwa, vyengine vikaambukizwa wakati wa kupakua programu za kuvianzisha. Kubadilisha neno la siri hakusaidii kwa kifaa kilichotoka dukani kikiwa na mwizi ndani. Dalili ni mbili zilizo wazi: kisanduku kinakutaka uzime ulinzi wa Google Play, au kinakuelekeza kupakua programu kutoka duka lisilojulikana. Ukikiona hivyo, kichomoe. Najua fedha imekwishatoka, lakini sina ushauri mwengine ulio wa kweli.

Kwa televisheni yenyewe, ingia kwenye mipangilio, zima maikrofoni ikiwa huitumii kutoa amri kwa sauti, na uondoe akaunti za watu waliohama.

8. Sasisha, na ujue kifaa kilichozeeka.

Sasisho ni kiraka cha tundu lililogunduliwa. Ndani ya ruta, kamera na televisheni tafuta sehemu ya sasisho la mfumo na uliruhusu lijiendeshe lenyewe usiku. Usichomoe umeme wakati sasisho linaendelea, maana kifaa kinaweza kufa kabisa. Ukiona umeme unayumba au salio la Tukuza, umeme wa kulipia kabla, liko chini, liahirishe.

Vifaa vilivyotumika vinavyoingia kwa makontena kutoka Dubai na Ulaya vinahitaji jicho la pekee. Uingereza, kwa mfano, kuanzia tarehe 29 Aprili 2024 inakataza kuuzwa vifaa vyenye neno moja la siri la kiwandani kwa wote, na inamtaka mtengenezaji aseme ataendelea kutoa masasisho kwa muda gani. Kamera iliyotengenezwa miaka kumi nyuma haijui sheria hiyo. Kabla ya kununua kifaa kilichotumika, andika namba ya toleo lake kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama bado kinapata masasisho. Kama hakipati, kamera hiyo itumike kurekodia ndani ya kisanduku bila ya kuunganishwa na intaneti. Inafaa kwa kazi hiyo.

9. Simu, ambayo ndiyo ufunguo wa vyote.

Anayeishika simu yako iliyo wazi ameshika kamera, ruta na fedha zako. Weka kifungo cha skrini cha tarakimu 6 au zaidi. Kwenye WhatsApp fungua mipangilio ya akaunti na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, ambao ni namba ya siri ya tarakimu 6 unayoichagua mwenyewe, kisha uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uondoe usivyovitambua. Namba inayotumwa kwa ujumbe mfupi usimsomee mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu, hata sauti yake ikiwa ni ya mtu unayemjua.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoijua nenda dukani kwa kampuni husika ikaondolewe. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ambayo ni namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kazi hiyo.

10. Futa kabla ya kuuza, kugawa au kupeleka kwa fundi.

Ondoa kifaa kwenye akaunti yako, rudisha mipangilio ya kiwandani, na utoe kadi ya kumbukumbu na laini. Kamera yenye kadi ndani ni albamu ya nyumba yako.

Mambo yanapokwenda kombo

Umesahau neno la msimamizi wa ruta. Ikiwa ruta ni yako mwenyewe uliyoinunua, bonyeza kitufe cha "Reset" kwa kipini kwa sekunde 10 hadi 15 hadi taa zizime na kuwaka tena. Ruta itarudi kwenye neno la kiwandani, kwa hiyo hatua ya 2 hadi ya 5 zote zirudiwe, bila ya kusema utazifanya kesho. Ikiwa ruta ni ya kampuni, wapigie.

Kamera imekataa kurudi baada ya kubadilisha neno la waifai. Hili ni jambo la kawaida na halimaanishi kuwa imeharibika. Inahitaji kufundishwa neno jipya kupitia programu yake. Ikikataa bado, angalia mambo mawili: kamera nyingi za bei nafuu hutumia waifai ya gigahezi 2.4 pekee na haziioni ile ya 5, na nyingi haziifahamu WPA3, hivyo rudisha ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Simu haiwezi tena kurusha picha kwenye televisheni. Televisheni iko kwenye mtandao wa wageni na simu iko kwenye mkuu. Iunganishe simu na ule wa wageni kwa muda wa kutazama, ikiwa ruta yako inaviruhusu vifaa vya mtandao huo kuonana.

Ruta inaonyesha kifaa usichokijua. Usimtuhumu jirani kwanza. Simu za miaka ya karibuni hubadilisha anwani zao makusudi kwa ajili ya faragha, na simu moja inaweza kuonekana mara mbili kwa majina mageni. Zima waifai ya simu moja moja na utazame lipi linatoweka kwenye orodha. Kinachobaki baada ya vyote kuzimwa ndicho kigeni, na dawa yake ni kubadilisha neno la waifai.

Bando linakwisha haraka. Kamera inayopeleka picha kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula karibu megabaiti 450 kwa saa, kwa hiyo jamaa mmoja anayeiacha wazi usiku kucha anatosha kuimaliza gigabaiti tatu. Punguza ubora wa picha, iweke kamera irekodi pale tu panapotokea mwendo, na uhesabu waliomo kwenye orodha ya kushirikishwa. Kama baada ya hayo matumizi bado ni makubwa, chomoa kifaa kimoja kwa siku na ulinganishe. Kisanduku cha televisheni kianze.

Kamera inageuka yenyewe. Hakikisha kwanza kuwa si kipengele cha kufuata mwendo, ambacho huigeuza kamera kila paka anapopita. Ukikizima na bado inageuka, au ukisikia sauti ya mtu ndani yake, piga picha au video ya unachokiona kwa simu nyengine, andika tarehe na saa, kisha chomoa umeme. Kwa simu ambayo haikutumika kuendeshea kamera, badilisha neno la siri la barua pepe, halafu la akaunti ya kamera, ondoa wote walioshirikishwa, ifute kamera na uianze upya kwenye hatua ya 6. Kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ya ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika Tanzania Bara na Zanzibar, kwa hiyo kituo cha Polisi ni mahali pake. Nenda na zile picha ulizopiga na daftari lako la vifaa. Asiyekuwa na ushahidi hurudishwa nyumbani mara nyingi kuliko inavyostahiki.

Saa ya kisanduku cha kurekodia si sahihi. Hutokea baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu, hasa ikiwa betri ndogo ya ndani imekufa. Irekebishe kila umeme unaporudi, na uchague ukanda wa saa wa Afrika Mashariki. Unapomweleza sheha au askari tukio lililorekodiwa, kumbuka kuwa kisanduku kinaposema 21:00 ni saa 3 usiku. Nimeona maelezo mazuri yakikataliwa kwa sababu ya tofauti ya saa sita tu.

Fundi hataki kutoa neno la siri la kisanduku, au hapatikani. Kifaa ni chako na mtengenezaji anaweza kukisaidia kifunguke, lakini wengi huomba namba ya kifaa na uthibitisho wa ununuzi. Hapo ndipo risiti ya duka la Darajani au Mlandege, ile ambayo watu huitupa kabla hawajafika kituo cha daladala, inapohitajika. Piga picha ya risiti siku ya kununua, ihifadhi kwenye barua pepe yako, na ibandike yenyewe ndani ya daftari kwenye ukurasa wa kifaa hicho.